Nimefika India na sakado, kichwa inazunguka. Hii inapitaka ao nibadirishe tiketi nirudi?

MutotoWaKatuba (L'shi, kwa sasa Delhi)

Bandugu jambo. Naomba mawazo ya bale balishaka kutembea India, siyo ya kwenda hospitali na siyo ya masomo, kutembea tu na sakado mugongoni, kuona inchi ya benyewe.

Kwetu Lubumbashi ukisema unaenda India kila mutu anauliza nani njo mugonjwa. Mama mudogo aliniuliza ile ile. Nikamuelezea asema naweka makuta kidogo kidogo tangu zamani juu ya hii safari, nataka kuona Taj Mahal, kuona Varanasi, kiisha nishuke na treni mpaka Kerala ku bahari. Akaniombea, akanipatia karanga ya kukaanga ya njiani, akasema usitembee usiku. Njo mi huyu niko huku peke yangu.

Ndeke ilitoka Luano, tukapita Addis, tukafika Delhi. Pa uwanja wa ndeke hakukuwa tatizo, balitazama karte ya chanjo ya homa ya manjano (muiweke karibu, mutu akitoka Congo bila ile karte banaweza kumufungia mu karantini mpaka siku 6), kiisha nikapanda metro ya layini ya orenji yenye inatoka uwanjani mpaka gare ya New Delhi. Metro safi, kimya, batu banapanga mustari. Nikasema mu roho hii inchi nitaiweza.

Kiisha nikatoka inje ya gare.

Sijue niseme ginsi gani. Tulishaka kusikia asema India ilipita China mu mwaka 2023, beko zaidi ya miliyari moja na milioni 400, lakini pale pa mulango wa gare unaisikia ile hesabu mu mwili, bajaji huku, baiskeli za kubeba batu kule, ngombe amesimama katikati ya balabala na hakuna mwenye anamufukuza, mutu anakukamata mukono, mwingine anakamata sakado, kila mutu anakuita rafiki yake, na klaksoni haziachake ata dakika moja, juu kwabo klaksoni haiko matusi, ata nyuma ya kamiyo baliandika kabisa asema piga honi. Harufu ya mafuta ya kukaanga, ubani, mukojo, maua, vyote pamoja. Na moshi, bandugu. Ni mwezi wa 12, hewa ya Delhi ni kijivu, koo inakauka, macho inauma, jua inatoka nyekundu na haiangaze. Motoka zinapita kushoto, ile niliijua tangu Kasumbalesa juu ukivuka tu Zambia ni kushoto, lakini Zambia kila mutu anabakia ku upande wake, huku pikipiki inakuja ata fasi yenye haiko yake, na hauna fasi ya kukimbilia.

Mutu mumoja wa nguo safi, na kitambulisho ku shingo, akaniambia ofisi ya tiketi ya bageni imefungwa, nimufuate ku ofisi ingine ya serikali kule Connaught Place. Nikakataa. Mwingine akasema otele yangu iliungua moto. Nikakataa naye. Nikaifikia, iko nzima, lakini mwenye iko pa meza akatazama pasipoti akasema habapokeake batu ba inchi ya inje, paka Bahindi, na nilikuwa nimesharezerve. Nikazunguka na sakado usiku nikitafuta ingine.

Na macho. Kwetu ukitazama mutu sana atakuuliza unatafuta nini. Huku banakutazama bila kugeuza uso, bazee, batoto, bamama, ba polisi. Bengine banaomba foto na wewe, bengine banapiga bila kuomba. Kijana mumoja alinishika nywele. Ku Lubumbashi tulizoea Bahindi ba magazini, batu ba kimya banahesabu makuta yabo, sikuwaza kama kwabo mi njo nitakuwa kitu ya kutazamwa.

Bintu vidogo navyo vinachokesha. Kila mutu analipa na telefone, ata mwenye anauza chayi pa balabala ana kakaratasi ka kuskane, na mi sina konti ya bank yabo. Nilipewa noti ya rupia 50 yenye imepasuka kidogo, hakuna mwenye anaitaka.

Kwa hiyo swali yangu ni hii: hii kizunguzungu inapitaka, ao mutu akiisikia siku za kwanza itamufuata safari yote? Nibakie Delhi nizoee, nikimbilie Varanasi, nishuke kusini moja kwa moja, ao nibadirishe tiketi ya ndeke? Munijibu kwa kweli, siyo kwa kunipa moyo tu. Aksanti.

---

Ndosho_Boy (Goma)

Kaka wa Katuba, pole na uchovu, na hiyo tiketi uiache kwanza. Mi nilisomea Pune, na likizo zote nilikuwa mu treni, kwa hiyo nakujibu na roho yote.

Ile yenye uliona siyo India, ni Paharganj. Ni mutaa wenye uko mbele kabisa ya gare ya New Delhi, upande wa mangaribi, na juu baturiste ba makuta kidogo bote banashukiaka pale tangu zamani, batu bote benye banaishi na pesa ya mugeni njo banamungojea pale pale. Ule mwenye alikushika mukono hakuchukie, ako ku kazi. Yeye aliona sakado tu. Tembea dakika kumi uingie mutaa wa kawaida, fasi bamama banachagua mboga na batoto banatoka masomo, uone kama kuna mwenye atakukamata. Nasema hii kwa nguvu juu nimeona benzetu balirudi Goma na kuambia kila mutu kama India ni inchi ya bwizi, na habakufika mbali ya ile barabara moja. Inaniumaka mbaya sana, juu bale Bahindi benye walinipikia wakati nilikuwa na malaria ku Pune habastahili ile jina.

Siku mbili za mbele usipange kitu kubwa. Kesho panda metro ya layini ya manjano, shuka Jor Bagh, uende kwa miguu mpaka Lodi Garden. Kuingia ni bure. Ni bustani yenye iko na makaburi ya bafalme ba karne ya 15 na ya 16, batu bazima banakimbia asubui, familia zinakula chini ya miti, bijana na basichana banajifichaka pale juu ya mapenzi yabo, hakuna mutu atakuuzia kitu. Ukiwa na nguvu ongeza kaburi ya Humayun, mufalme wa zamani wa kule, haiko mbali. Ilijengwa mu karne ya 16, njo Taj Mahal ilikuja nyuma yake mu karne ya 17 na ikafuata namna yake, kwa hiyo ukiiona mbele utaielewa Taj vizuri. Taj yenyewe usiende siku ya tano (Ijumaa), inafungwaka. Mugeni alikuwa analipa rupia 1,100, na 200 juu yake kama anataka kuingia ndani fasi kaburi ya Mumtaz iko, ule malkia mwenye balimujengea Taj.

Ofisi ya tiketi ya bageni iko NDANI ya gare, ngorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Mutu yeyote wa inje akikuambia imefungwa, imehamia, imeungua, usimujibu ata neno, panda ngazi uende kuona na macho yako. Beba pasipoti.

Noti ya kupasuka, sisi ba Goma tunajua hii, dola ikiwa na kitobo kama ncha ya sindano kambisti anaikataa. Fanya vile vile, kabla ya kuweka noti mu mufuko ifungue, itazame, irudishe pale pale. Na hiyo ya 50 yenye uko nayo ingia nayo bank, watakubadirishia. Noti ya 2,000 walishaitoa ku mzunguko mu 2023, mutu akikupatia usipokee. Ku mashini za bank zinatokaka za 500, zivunje ku metro ao ku duka kubwa, juu muuza chai hana chenji ya 500.

Na mambo ya otele, usiichukue yote kama dharau. Otele lazima iandikishe kila mugeni ku serikali, kuko formu banaita C, zile ndogo hazijiandikishake, njo maana zinakataa ata bazungu. Piga simu mbele ya kulipa, uulize tu kama banapokea pasipoti ya inje.

---

DadaWaNguba (Bukavu)

Kaka wa Goma amesema vizuri lakini pa mambo ya macho amepita mbio, na mi mwanamuke nilitembea kule peke yangu, niache niseme.

Ubaguzi wa rangi kule uko, tusiufunike. Mwezi wa 5 mwaka 2016 Mukongomani mwenzetu aliuawa ku Delhi, ugomvi ulianzia pa kukodi bajaji usiku. Kinshasa batu bakakasirika mpaka maduka ya Bahindi yakapigwa mawe, na mabalozi ba Afrika kule Delhi bakasema wazi kama wamechoka. Sisemi hii ili ukimbie. Nasema juu utasikia maneno siku ingine, utaona mama anavuta mutoto wake, na usijiulize kama ni wewe umefanya kitu mbaya. Haukufanya kitu. Usiku usigombane juu ya rupia 50, tumia aplikasio ya taksi, bei inaonekana mbele, hakuna maneno.

Lakini ile macho ya mchana, mi nilijifunza kuigawanya. Kwenye miji midogo mingi ni hamu ya kujua tu, batu habajawahi kuona mutu mweusi karibu, na ukiamkia kwanza, ukiweka mikono pamoja na kusema namaste, uso wote unafunguka na mara moja uko na chai mukononi na mama anakuuliza uko na batoto ngapi. Foto, kubali za familia, kataa za kikundi cha bijana, ndiyo ilikuwa sheria yangu. Mutu akigusa nywele mwambie hapana kwa sauti, mbele ya batu, atasikia haya. Na kuko ata Bahindi ba asili ya Afrika, Basiddi, banaishi Gujarat na Karnataka tangu karne mingi, banaongea luga za kule, na Bahindi bengi habajue kama beko. Siku nilijua ile mambo niliacha kujiona kama nimeanguka kutoka mbinguni.

Kwa dada yeyote mwenye anasoma: metro ya Delhi behewa ya kwanza ya mbele ni ya banamuke peke yabo, na ku treni ya usiku omba kitanda cha juu kabisa.

Sasa wapi uende. Usiende Varanasi sasa. Nakuomba. Uende Amritsar kwanza, ku Punjab, ku hekalu ya zahabu ya Basikh, batu ba dini ingine ya kule. Unaacha viatu inje, unafunika kichwa na kitambaa (ukikosa, kuko vya kuazima pale), unanawa miguu, unaingia, na kule ndani maji, marumaru nyeupe, nyimbo tangu usiku hadi usiku, na hakuna mutu, nasema hakuna, mwenye atakuuliza pesa. Wanapikiaka kila mutu chakula ya bure, usiku na mchana, tajiri na masikini banakaa chini pamoja mu mustari moja, chapati, dengu, wali wa maziwa. Nilikaa kati ya mama muzee na mwanajeshi. Ukishakula unaweza kwenda kusaidia kuosha masahani, mi niliosha, na ni pale bega zangu zilishuka mara ya kwanza tangu nilifika ile inchi. Kuko na fasi ya kulala ya bageni pia, ya kawaida sana, batu wanaacha sadaka. Karibu na hekalu kuko bustani ya Jallianwala Bagh, fasi waaskari wa Mungereza walipiga batu risasi tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka 1919, alama za risasi ziko bado ku ukuta. Ingia. Sisi tulitawaliwa, tunajua tunatazama nini.

Varanasi iweke mwisho mwisho. Siyo juu ni mbaya, kwangu ilikuwa fasi ya nguvu kuliko zote. Lakini kule banachoma maiti wazi, pembeni ya mto Ganga, ku ngazi za Manikarnika na za Harishchandra, mchana na usiku, bajamaa banabeba mwili mu vitambaa vya rangi ya zahabu wakiimba, wanapita mu kanjia kembamba fasi wewe uko unakunywa chai, na unageuka kupisha. Mutu mwenye bado anapigana na klaksoni, ukimupeleka pale roho yake itafunga. Sisi kwetu maiti inalazwa, batu wanalia usiku kucha, matanga, kisha kaburi. Kule banamuke wengi hawafike ata ku moto, na wanaume wanasimama bila machozi, kwa imani yabo kufa Varanasi ni baraka, roho inafunguliwa. Mi nilikaa mbali, juu, nikiwa na kitambaa ku mudomo, na nilifikiria baba yangu. Usipige foto pale, ata mutu akikuambia anaruhusu. Atakuja mwenye anasema anakusanya pesa ya kuni ya maskini, mwambie aksanti na uendelee. Asubui mapema kabisa chukua mtumbwi, mwenye kuendesha kwa mikono siyo wa injini, mutaelewana bei mbele ya kupanda. Batu wanaoga, wanaomba, wanafua, jua inatoka ngambo ingine yenye haina nyumba. Ukifika kule umetulia hautaisahau.

---

PapaWaKamalondo (L'shi)

Mwanangu, mi nilifika India juu ya ugonjwa wa bibi yangu, tulikaa Chennai, kwa hiyo siko muturiste. Lakini nitakuambia yangu.

Sikubali sana hii mambo ya kukuambia usonge tu mbele. Mutu anaweza kurudi nyumbani na hakuna haya. Lakini kabla ya kurudi, jaribu kusini. Chennai na Kerala haziko Delhi. Mwezi wa 12 kule hakuna ile moshi wala baridi, Chennai inaweza kunyeshewa mvua mu ile wakati, Kerala ni joto ya raha, minazi, mito, wali na samaki ya pilipili, karibu sawa mutu ako ku chakula ya nyumbani. Bakristu beko mingi. Chennai tulikuwa tunaenda misa ku kanisa kubwa ya San Thome, fasi banasema mutume Tomasi alizikwa. Ku Kochi kuko kanisa ya Mutakatifu Fransisko, Vasco da Gama alizikwa mule mu mwaka 1524 mbele babebe mifupa yake Ureno. Na ata pale Delhi fasi uko, karibu na Connaught Place, kuko katedrali ya Moyo Mutakatifu. Nenda siku ya mungu. Kusikia tu wimbo yenye unajua kutakupa nguvu, ata kama luga ni ingine.

Tumbo yako. Kunywa maji ya chupa yenye haijafunguliwa, kula fasi batu ni mingi na sufuria iko inachemuka, matunda menya wewe mwenyewe. Nunua sero za kuchanga na maji (ile ORS ya kuharisha) mu farmasi, ni bei ya chini sana, uweke mu sakado mbele ya kuharisha, siyo kiisha. Na uandikie mama yako kila siku.

---

Kadutu_Market_Girl (Bukavu)

Naongeza tu ya chakula: ku pakiti ya chakula tazama alama, kadoti ka kijani maana yake hakuna nyama. Otele mingi za kule hazina nyama kabisa, usikasirike, omba thali, banakuletea sahani kubwa na vibakuli vya maharage, dengu, mboga, maziwa ya kuganda, na wanaongeza mpaka useme basi. Kula na mukono wa kuume, hiyo tunajua. Bugali usitafute.

---

MutotoWaKatuba

Bandugu, nimesoma yote mara mbili. Papa wa Kamalondo aksanti sana, mama nimemuandikia. Dada wa Bukavu ile ya kugawanya macho imenisaidia kuliko yote, leo niliamkia mimi kwanza na ni kweli, muzee mwenye anashona viatu alinivutia kiti.

Nilienda Lodi Garden. Nilikaa tu. Kuna batoto ba masomo balikuwa banafanya piknik, mwalimu akaniuliza natoka wapi, nikasema Congo, akawaambia batoto batafute Congo mu karte ya telefone, bote bakakuja kunionyesha kidole pa Kinshasa, mi nikabaonyesha Lubumbashi chini kabisa. Na ku ofisi ya gare nilipanda ngazi, mutu alinifuata mpaka kati akisema imefungwa. Iko wazi.

Nimeamua Amritsar, kiisha nitashuka kusini. Sasa munielezee treni, juu ku aplikasio naona WL, RAC, SL, 3A, CC, na sielewe nalipa nini.

---

Ndosho_Boy (Goma)

Vizuri kabisa kaka. Treni njo India yenyewe, nakuelezea polepole.

WL ni mustari wa kungojea. Namba ikibakia pale mpaka treni inaondoka hauna fasi, usipande, kontrola atakushusha ao atakulipisha. RAC unaruhusiwa kupanda, lakini munagawana kitanda kimoja cha pembeni na mutu mwingine, munakaa nusu nusu, na abiria mumoja akikosa kuja mutu anapata kizima. Pale ku ofisi ya bageni kuko fasi chache zenye zinawekwa juu ya baturiste, kwa hiyo ata kama aplikasio inaonyesha WL uliza pale kwanza.

SL ni vitanda bila klimatizasio, madirisha wazi, hakuna shuka, na mwezi wa 12 kaskazini utaganda usiku, mi nisingeichukua huko bila blanketi. Lakini mchana, ao kusini, SL ndiyo nilipenda kuliko zote, familia zinafungua masufuria na hakuna mwenye atakuacha ukae bila kula. 3A ina klimatizasio na shuka, vitanda vitatu juu ya vingine, kwa safari ya usiku ya kwanza chukua hiyo. CC ni kiti tu. Kwa Amritsar tafuta Shatabdi, inatoka New Delhi, ni kiti, banakupatia chai na chakula mu bei ile ile, kama kilomita 450, masaa karibu 6. Lakini ukungu, kaka. Mwezi wa 12 na wa 1 ukungu ya kaskazini inachelewesha treni masaa mingi, usipange kitu ingine siku ile ile, na usiweke ndege ya kurudi siku moja na treni.

Tazama jina ya gare vizuri. Delhi iko na gare kubwa mingi: New Delhi ni ingine, Delhi ya zamani ni ingine, Hazrat Nizamuddin ni ingine, Anand Vihar ni ingine. Treni mingi za kwenda Kerala zinatokaka Nizamuddin, batu banalia pale kila siku juu walienda gare yenye haiko yake.

Usiku funga sakado na munyororo ku chuma chini ya kitanda, kila behewa iko na ile chuma, minyororo banauza pale pale ku gare. Pasipoti na makuta ulale navyo mwilini. Kitanda cha katikati hakifunguliwe mbele ya saa ine ya usiku, juu wa chini bado wamekaa, ukikifungua mapema batakukasirikia na watakuwa na haki. Tatizo yoyote mu treni piga 139.

Delhi mpaka Kerala ni karibu siku mbili na zaidi mu treni. Usiogope ile urefu. Pale mu treni hakuna mutu anakuuzia inchi yake, munakaa tu pamoja, mwanafunzi, mwanajeshi, mama mwenye anapeleka mutoto ku ndoa, na saa zinakuwa mingi mpaka munajuana. Mi nilijifunza Kihindi yangu yote kidogo mule.

---

DadaWaNguba (Bukavu)

Na ukipita Agra kabla ya kushuka, lala usiku moja, uingie Taj mulango ukifunguliwa, jua ikitoka. Bale wa kwenda na kurudi siku moja kutoka Delhi wanafika saa ya batu mingi, wanaona migongo ya batu tu. Tuandikie.

---

MutotoWaKatuba

Nimepata kiti ya Shatabdi ya asubui, siku mbili mbele, ku ofisi ya ndani. Otele ya hapa nimelipa usiku mbili tena, mwenye iko pa meza amezoea jina yangu. Varanasi nitaamua nikitoka kusini, kama makuta inabakia.

Tiketi ya ndeke sikuigusa.

Kama kuko mwanafunzi wetu ku Punjab, ao mutu mwenye atakuwa Amritsar mu hii wiki, aandike hapa, tutaenda kuosha masahani pamoja. Na mwenye anajua fasi ya kununua blanketi ya muzuri bila kulipishwa bei ya mugeni hapa Delhi aniambie mbele ya kesho mangaribi, juu usiku ni baridi kweli.